Dakika Mbili za Bomu

Jina la Haiwezekani hakupewa na mama yake. Alipewa na shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa teksi, na sababu ilikuwa moja tu: huwezi kutazama filamu ya mapigano na mtu yule ukafika mwisho kwa amani. Risasi anahesabu. Bastola imepiga mara kumi na tisa bila kujazwa, atakwambia. Gari limeporomoka darajani na taa zote bado zinawaka, atakwambia. Jambazi akipigwa teke moja akapaa mpaka upande wa pili wa barabara, Haiwezekani anaweka kikombe chini, anajifuta midomo, ndipo anatoa neno lake.

"Wewe ni mtu wa kutafuta mawe kwenye wali ulioiva," shemeji alimwambia Jumamosi hiyo asubuhi. "Kula tu, bwana."

"Jino likivunjika ni la nani?"

Mkewe alikuwa anakunja nguo pembeni ya kochi. Aliwaambia wakiendelea hivyo ataizima televisheni, wabaki kujadiliana na ukuta. Walipunguza sauti, maana mkewe akisema hutenda.

Shemeji alikuwa ametoka kumpeleka Mama kliniki ya macho. Mama ndiye mama mzazi wa Haiwezekani. Jicho la kushoto lilishazimika, la kulia linabahatisha vivuli na mwanga. Alishushwa mlangoni saa tatu, akapanda mwenyewe ghorofa ya tatu, na akimaliza angepiga simu afuatwe. Huko hakutaka kusindikizwa. Kokote kwingine alikwenda na fimbo yake ikigonga mbele, lakini akiwa na mwanawe huiweka kwapani, anamshika mkono, anasema, "Nikiwa na wewe, fimbo ya nini?" Na jengo lile la kliniki alilihesabu kama kuwa na mwanawe, kwa sababu Haiwezekani alikuwa fundi wa lifti, na lifti ya pale aliitunza yeye mwaka wa tisa sasa. Mama aliliita jengo la mwanangu, utadhani alilijenga.

Sasa kwenye filamu kulikuwa na jamaa wa koti la ngozi, ndani ya lifti, na adui juu yake anakata nyaya. Zikakatika. Lifti ikaporomoka ghorofa kumi na nne, jamaa akaruka sekunde ya mwisho, akatoka anakung'uta vumbi.

"Haya sasa," shemeji akasema huku akimgeukia. "Hapa ni nyumbani kwako. Sema."

"Haiwezekani. Nyaya zikikatika, chini ya lifti kuna breki zinauma reli. Haiendi hata mita mbili. Hao wanaoandika hizi filamu hawajawahi kushika hata bisibisi."

"Kwa hiyo lifti haziui watu?"

"Zinaua. Ila si kwa kuanguka. Mtu anauawa na mlango. Mlango uko wazi na lifti haipo, yeye anaingia." Akasogeza mguu, akaurudisha. Tangu asubuhi mguu wake ulikuwa hautulii, na yeye mwenyewe hakujua una nini. "Hilo hawalionyeshi, kwa sababu halina mlipuko."

Filamu ikafika kwenye bomu, maana filamu gani ya namna ile haina bomu. Saa ya bomu ikaonyesha dakika mbili. Jamaa akalia kidogo. Akamwomba msichana msamaha. Akasimulia habari za marehemu baba yake. Akapiga simu. Bomu bado lina sekunde arobaini.

"Hizo si dakika mbili," Haiwezekani akasema. "Hizo ni saba."

"Umezidisha."

"Saba kamili."

"Basi leo tunamaliza ubishi," shemeji akasema, akachukua rimoti, akarudisha picha nyuma mpaka tarakimu zilipoanza. "Tunapima. Dada ni shahidi. Wewe ndiye mwenye saa, ile yako ya mshale wa sekunde. Tayari? Anza."

Haiwezekani akanyanyua mkono wa kushoto. Palikuwa na ngozi tu, mstari mweupe wa ngozi isiyoona jua. Saa haikuwepo.

Aliutazama mkono ule kwa muda ambao bomu la kweli lingeshalipuka. Shemeji alikuwa anacheka, anasema mshitakiwa amekimbia na kidhibiti. Haiwezekani hakumsikia. Alikuwa ameshajua saa iko wapi.

Iko hivi. Milango ya lifti ina vishikizo vya umeme. Mlango mmoja usipofunga sawasawa, lifti haiondoki. Fundi akitaka kujua ni ghorofa gani inayosumbua, anakwenda chumba cha mashine, anaunga kipande cha waya mwekundu kwenye kisanduku, na kwa hizo dakika chache lifti inadanganywa kwamba milango yote imefungwa. Kazi ikiisha, waya unatolewa. Usipotolewa, lifti itaondoka na kuacha mlango wazi, na shimo nyuma yake. Ndiyo maana mzee aliyemfundisha kazi alimpa sharti moja: ukiunga waya, vua saa yako uitundike kwenye kitasa cha kisanduku. Mtu husahau koleo, husahau waya, husahau hata chakula chake cha mchana, lakini hakuna anayerudi nyumbani bila kujiuliza saa yangu iko wapi.

Jana jioni mlango wa ghorofa ya tatu ulikuwa unakwama. Aliunga waya, akatundika saa. Ndipo simu ikaita: jengo jingine, mama mjamzito amenasa kwenye lifti, analia, njoo. Alitoka mbio hata kisanduku hakukifunga vizuri. Alimtoa yule mama, akafika kwake amelowa jasho, akaoga, akalala kama gogo. Na nyumbani hana desturi ya kuvaa saa. Sharti la mzee halikumhesabu mtu aliyechoka.

"Nani ana namba ya mlinzi wa kliniki?" akauliza, akiwa tayari amesimama na kiatu kimoja. Swali la kijinga, kwani namba alikuwa nayo yeye. Akapiga. Haipokelewi. Akampigia Mama. Inaita, inaita, inakatika. Kliniki huwaambia wagonjwa wazime sauti.

"Kuna nini?" mkewe akauliza.

"Nimeacha waya." Hakuna aliyeelewa, akalazimika kulisema lote. "Nimeiacha lifti inaweza kuondoka mlango wazi. Ghorofa ya tatu. Na Mama yuko huko."

Mkewe akaachia shuka aliyokuwa anaikunja. Shemeji aliinuka hapo hapo. Alichukua funguo.

Ndani ya teksi Haiwezekani alipiga simu mpaka kidole kikalowa jasho. Mlinzi hapokei. Mama hapokei. Mbele yao lori la matofali lilikuwa linatembea mwendo wa bibi harusi. Wakafika kwenye taa, zikawa nyekundu, shemeji akasimama.

"Pita."

"Kuna magari, shemeji."

"Pita, nakwambia."

"Wiki iliyopita ni wewe uliyesema mtu akipita taa hizi anagongwa, hafiki popote. Ulisema kweli." Shemeji hakuwa anatania. Sauti ilikuwa ya upole, na upole ule ulimkera Haiwezekani kuliko kejeli. "Nikigongwa hapa, nani atakufikisha?"

Taa zikawa kijani, foleni haikusogea. Haiwezekani akafungua mlango, akashuka, akakimbia. Mitaa minne. Alikuwa na miaka arobaini na tisa na kitambi cha kuanzia, na kiatu kimoja hakikufungwa kamba. Njia nzima alimwona Mama anatoa mguu. Hakuona zaidi ya hapo, mguu tu, kiatu chake cheusi cha kliniki, unatoka, unatafuta sakafu. Aliomba. Hakuwa ameomba kwa bidii hivyo tangu mkewe alipojifungua.

Kwenye filamu mtu hukimbia mji mzima na akifika anaongea. Yeye alifika ukumbini hana hata pumzi ya kusema jina. Viti viwili vilikuwa vimelazwa mbele ya lifti. Mlinzi alikuwa amesimama hapo, uso umemshuka.

"Mama?" ndilo lililotoka.

"Yuko juu. Mzima, fundi. Mzima. Ni fimbo tu iliyoanguka."

Haiwezekani alishika ukuta. Kisha akapanda ngazi, mbili mbili, mpaka ya tatu.

Mama alikuwa ameketi kwenye benchi, muuguzi kamshika bega, na mikono yake iko mapajani haina kazi. Alimtambua kwa kikohozi kabla hajasema.

"Mwanangu. Wamekwambia? Njoo ukae, unahema kama mwizi."

Akakaa. Akamshika mikono; ilikuwa baridi.

"Nilikuwa nimemaliza," Mama akasema. "Nikafika pale, nikaona mlango umefunguka, nikajua lifti imenisubiri. Nyuma yangu kulikuwa na dada mmoja, ndiyo mara yake ya kwanza, anasema anaogopa lifti. Nikamgeukia. Nikamwambia, hii usiogope, inatunzwa na mwanangu, hii ingia umefumba macho. Huku nimetanguliza fimbo ili mlango usije ukafunga. Fimbo haikupata kitu. Ikanichomoka mkononi." Akageuza uso kuelekea lifti. "Nimeisikia inafika chini. Imechukua muda."

Muuguzi alisema yule dada ndiye aliyemvuta nguo.

"Nimewaambia si kosa lako," Mama akaendelea. "Mashine ni mashine, imezeeka kama mimi. Walianza kunong'ona hapa, nikawaambia mwacheni mwanangu."

Haiwezekani aliinuka kama amekalia moto. Alisema anakwenda kutazama mashine.

Chumba cha mashine kiko juu kabisa. Alizima umeme mkubwa kwanza, kama inavyotakiwa. Kisanduku kilikuwa wazi nusu, na kwenye kitasa saa yake imening'inia, inatembea zake, saa tano na dakika nane, haina habari. Chini yake waya mwekundu, pale pale. Aliuchomoa. Ulikuwa mfupi kuliko kiganja chake. Ukiuweka mfukoni umekwisha. Hakuna mtu mwingine katika jengo lile aliyejua kama waya wa namna hiyo upo duniani. Mashine ingechukua lawama, na mashine haina mama.

Alivaa saa. Waya akaushika mkononi.

Alishuka mpaka shimoni chini ya lifti akaitoa fimbo. Ilikuwa imepasuka kidogo kwenye mpini lakini haikuvunjika. Aliporudi ghorofa ya tatu, shemeji alikuwa ameshafika, kasimama karibu na benchi, na mlinzi ana kitabu cha matukio na kalamu.

"Fundi, meneja ananiuliza kwa simu. Niandike nini hapa kwenye sababu? Uchakavu?"

"Andika uchakavu," Mama akasema. "Kwani kuna nini kingine?"

"Andika fundi aliacha waya," Haiwezekani akasema.

Mlinzi alimtazama, akashusha sauti. "Nikiandika hivyo, kazi huna."

"Fundi gani?" Mama akauliza. "Walileta mwingine?"

"Hapana, Mama. Mimi."

Mama alicheka kidogo, ule mcheko wa kumkanya mtoto anayejisingizia. "Wewe uache kitu kazini? Haiwezekani."

Shemeji aliinamisha kichwa. Alikuwa na mizaha ya mwaka mzima kwa ajili ya neno lile, na hata mmoja haukumtoka.

"Inawezekana, Mama. Niliuacha jana jioni. Huu hapa." Akamfungua kiganja, akauweka waya, akamkunjia vidole juu yake. "Nilikwenda kwenye kazi nyingine nikausahau. Leo asubuhi nilikuwa nyumbani natazama filamu."

Mama aliupapasa waya kwa kidole gumba, mwanzo mpaka mwisho. Hakukuwa na urefu wa kupapasa, akarudia. Uso wake ulibaki umeelekea kwenye sauti, lakini kitu kiliondoka usoni pale, na Haiwezekani alikiona kikiondoka. Alitamani apigwe. Alitamani Mama aseme neno lolote.

"Kadogo hivi," Mama akasema mwishowe.

"Ndiyo, Mama."

"Andika alivyosema," akamwambia mlinzi. Akamrudishia mwanawe waya. "Nyumbani, twendeni. Nimechoka."

Lifti ilikuwa imezimwa, kwa hiyo ni ngazi. Haiwezekani alimpa fimbo, akampa na mkono wake, kama siku zote. Mama akauchukua mkono. Aliushika vizuri, hakuukataa, hata akaufinya kidogo pale penye saa. Haiwezekani akasubiri aiweke fimbo kwapani.

Mama akaishusha fimbo mpaka kwenye ngazi ya kwanza, akagonga, akasikiliza, ndipo akatoa mguu. Akagonga ya pili. Shemeji alitangulia chini akiwaambia watu wapishe. Ngazi za kutoka ghorofa ya tatu ni hamsini na nne, Haiwezekani alizijua kwa miaka tisa, na Mama, akiwa ameshikwa mkono na mwanawe, alizigonga zote.