Kidole cha Nurdini

Kule Masasi waliita kazi hiyo kuunganisha. Mimi nimeunganisha mabomba Tanga, nyaya za uzio Tunduru na mbao za madaraja ng'ambo ya Ruvuma, kwa hiyo neno lenyewe lilinipa moyo. Nikadhani ni kazi ya asubuhi moja.

Mwanangu Nurdini alitengeneza programu ya maji. Newala maji yanapandishwa na pampu kutoka bondeni, leo yafunguliwe kijiji hiki, kesho kile, na hakuna anayekwambia. Kina mama wanapanga ndoo, wengine wanalala hapohapo bombani. Programu ya Nurdini ilituma ujumbe kwenye simu: leo maji ni kwenu, au leo si kwenu, nendeni shamba. Aliijaribu kijiji cha Mnyambe, na watu wa Mnyambe wanaisimulia mpaka leo. Kisha radi ya masika ikapita kwenye waya, ikaichoma kompyuta yake. Yeye mwenyewe figo zikamlaza hospitali ya Ndanda, na hakutoka.

Programu haikuungua. Rahima, dada yake aliyesoma naye chuo Mtwara, alinieleza kwamba maandishi yake yote yamo kwenye ghala la mtandaoni, katika chumba chenye jina la Nurdini. Hakuwahi kumwandikisha mtu mwingine katika chumba kile. Alisema atamwandika Rahima akipona.

Sasa mradi mmoja wa maji ulikubali kuichukua programu kwa wilaya nzima, kwa sharti moja. Kwanza kikaguzi chao kiunganishwe na lile ghala. Kikaguzi nacho ni programu, ila kazi yake ni kusoma programu ya mwenzake mstari kwa mstari, kikitafuta tundu ambalo mwizi anaweza kupenyeza mkono akachota namba za simu za watu. Mwisho ulikuwa Ijumaa. Kikiwa hakijaunganishwa, mradi unakwenda kutafuta kwingine.

Basi tukateremka Masasi, mimi na Rahima. Mtaalamu wa mradi aliitwa Yeremia, kijana wa Lupaso, mwenye maneno mengi.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye fundi mkuu?"

"Marahaba. Mimi abiria tu."

Rahima akaandika jina la kaka yake, akaandika neno la siri aliloachiwa pale Ndanda. Mlango ukakubali nusu. Kioo kikadai tarakimu sita, na hizo zinatokea kwenye simu ya mwenye chumba tu.

"Simu yake iko wapi?" akauliza Yeremia.

"Newala. Anayo mrithi wake."

"Mpigie basi azisome. Dakika moja tunamaliza."

Rahima akapiga. Aliyepokea, kwa laini yake mwenyewe, ni Khalidi, mtoto wa mama yake mkubwa. Siku ya arobaini mjomba wao alimvika Khalidi kanzu ya marehemu mbele ya watu, akampa jina lake. Kwa hiyo sasa anaitwa Nurdini, na mimi ananiita baba. Ndivyo wanavyofanya ukoo wa mama yao.

"Dada, tarakimu gani?" Sauti ilisikika mpaka nilipokaa. "Humu mna picha za mikorosho yangu tu."

Yeremia akakuna kichwa. "Na zile namba za akiba? Mtu hupewa siku anapoweka ulinzi."

"Alizipiga picha," akasema Rahima.

"Picha iko wapi?"

"Kwenye simu."

Yeremia akaanza kucheka, akatuona nyuso, akaacha.

Tukapanda Newala jioni hiyohiyo. Hamudi, mjomba wao, tulimkuta barazani anachambua korosho, mbovu huku, nzima huku. Hakuacha kuchambua.

"Shemeji! Leo umekaa wilaya mbili kwa siku moja. Miguu itakwenda kuzikwa peke yake hiyo."

"Tumekuja kwa ajili ya simu ya Nurdini."

"Nurdini anayo. Yupo nyuma huko, anakata kuni."

"Mjomba," akasema Rahima, "vitu vilivyokuwemo ndani ya simu vimekwenda wapi?"

Hamudi akajinyoosha. Alikuwa anajivuna, na kwa desturi yao alikuwa na haki ya kujivuna. "Nimeisafisha. Nilimpelekea fundi pale sokoni, nikamwambia airudishe kama ilivyotoka dukani. Kwani kanzu si tuliifua? Godoro si tulilianika? Unampaje mtu jina halafu unampa na uchafu wa maradhi ya mwenzake?"

"Na laini?"

"Nikaikata kwa mkasi. Ninyi hamkumbuki? Iliita katikati ya hitima. Mama zako wadogo wakaanguka chini upya. Maiti anapigiwa simu, nani akapokee?"

Nilikumbuka. Ningekuwa na mkasi siku ile ningeikata mimi.

"Kwani ndani mlikuwa na nini?" akauliza Hamudi.

"Ufunguo, mjomba."

"Ufunguo wa wapi? Nyumba yake si hii hapa, mlango wazi?" Akanigeukia. "Na wewe shemeji, kama kulikuwa na ufunguo ungesema. Lakini ungesema lini? Watoto hawa tumelea sisi. Wewe uliwazaa ukapita njia."

Rahima alikuwa ameinama, anaokota korosho mbovu anaziweka kwenye nzima, na mjomba wake akamwachia tu.

Khalidi ndiye aliyesema tusikate tamaa. Tarakimu zile zinaweza kuja pia kwa ujumbe kwenye laini ya Nurdini. Rahima alikuwa amekwisha kuliona hilo kwenye kioo. "Laini inarudishwa dukani," akasema Khalidi. "Na mimi si ndiye Nurdini? Mmenivika ninyi wenyewe."

Asubuhi tukaenda naye. Duka la laini alikuwa nalo Anjelina, mwanamke mpole. Rahima akamtajia namba ya kitambulisho cha kaka yake.

"Jina?"

"Nurdini," akasema Khalidi, na hakuona kama anadanganya.

"Weka kidole, kaka."

Akaweka. Kimashine kikalia. Anjelina akamfuta kidole kwa kitambaa, maana mikono ya Khalidi ni ya kupuliza salfa mikoroshoni. Akaweka tena. Akaweka cha mkono wa pili.

"Kaka, kwani wewe nani?"

"Nimeshakwambia, mama. Nurdini."

"Mashine inasema siye."

Rahima akamwambia ukweli. Anjelina akatupa pole, akasukuma kimashine pembeni. "Laini ya marehemu mimi naweza kuifunga tu. Kuirudisha, mpaka kidole chake."

Khalidi alibaki anatazama kidole chake mpaka tulipotoka nje.

Rahima akawaandikia wenye ghala. Wakajibu upesi, kwa adabu sana, kwamba pasipo simu wala namba za akiba hakuna njia, hata kwa ndugu. Ijumaa Yeremia akapiga. Safari hii hakuwa na mzaha. Aliwaomba wakubwa zake wangoje, wamekataa.

"Yataoza yale maandishi?" nikamwuliza Rahima.

"Hayaozi, baba. Yatakaa hivyohivyo."

Afadhali yangeoza. Nimeacha vitu njiani kila nilikopita, vikaliwa na mchwa, nikavisahau. Hiki hakiliwi.

Siku iliyofuata Rahima akajifunga kanga, akachukua ndoo. Nikamfuata na yangu. Bombani foleni ilikuwa imeshapinda kona, na mama mmoja aliyekuja na ndoo yake kutoka Mnyambe akamwita kwa mbali.

"Rahima! Ule ujumbe wa kaka yako unarudi lini? Miguu imekwisha!"

"Haurudi, mama."

Mwingine akamwona Khalidi amekuja na madumu kwenye baiskeli. "Kwani si huyu hapa Nurdini? Wewe Nurdini! Tuambie basi, maji leo ni kwetu au si kwetu?"

Wanawake wakacheka, foleni nzima. Khalidi hakucheka. Aliegemeza baiskeli, akatoa ile simu iliyosafishwa, akaiwasha, akaitazama muda mrefu kama mtu anayetafuta. Kisha akairudisha mfukoni.

"Sijui, mama zangu," akasema.

Nikaiweka ndoo yangu nyuma ya ndoo ya Rahima, nikaketi chini.