Mizunguko Mitatu ya Kamba

Jana shemeji yake alimvunja Mshona Matanga ubavu kwa teke moja, akaapa kwamba mashua ya marehemu kaka yake haitaondoka pale na mwanamke. Leo, jua likiwaka, huyo hapo anakuja na mtumbwi akipiga kasia, panga mapajani. Mwizi wa mchana kweupe! Tangu lini watu wakarithi kwa mateke?

Mshona Matanga alikuwa mbele kabisa ya mashua, ameinamia kamba ya nanga. Mashua ile ndiyo riziki pekee aliyoachiwa na mumewe. Alivuta mpaka macho yakamtoka. Wapi! Nanga imezama topeni.

"Acha kuvuta, we mtoto!" mama mkwe alifoka kutoka kwenye usukani. "Mimi niling'oa nanga hii nikiwa na mimba ya huyo huyo mwanangu mjinga anayekuja. Mashua ikishuka, kamba inalegea. Kusanya! Izungushe mara tatu kwenye hilo gogo la kufungia kamba, ushikilie tu. Wimbi likiinua mashua, nanga itang'oka."

Mashua ikashuka. Akakusanya, akazungusha, akashikilia. Ikapanda, mbao zikalia, nanga ikasogea kidogo. Kumbe!

Ndipo mtumbwi ukagonga mashua. Shemeji akaruka ndani, akampiga shavuni kwa ubapa wa panga, jino likamtoka. Damu ikamjaa mdomoni, lakini kamba hakuiachia.

"Achia, mwanamke wewe!"

Mashua ilikuwa imeshuka tena, kamba imelegea. Shemeji akatupa panga, akapenyeza vidole vinne kati ya kamba na gogo ili aifungue.

Wimbi kubwa likaja.

"Mama!" alipiga yowe kamba ilipombana. "Mwambie aachie!"

Mshona Matanga akageuka. Neno moja tu la mama mkwe, angeachia. Yule bibi machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Shikilia, mwanangu," alimwambia mkwewe.

Mashua ikapanda. Vidole vikavunjika kama vijiti, na nanga ikang'oka.

Shemeji akaanguka sakafuni akilia, mkono kifuani. Mashua ikaanza kwenda. Mama yake akavua kitambaa cha kichwa, akamrushia ajifunge.

"Mama, umeniona navunjwa, ukatazama tu!"

"Na jana nilimwona yeye akivunjwa," alisema bibi. "Jana ndipo nilipotazama tu."