Bei ya Ishirini na Saba

"Tatu zetu kwenye kila hisa umezila wewe!" Fundi wa boila alimfokea dalali wa hisa, na wafanyakazi wenzake waliojazana ofisini humo wakaitikia kama waliopangana.

Jana kampuni kubwa ilikuwa imetangaza kwamba inataka kukinunua kiwanda chao cha sabuni, thelathini kwa kila hisa. Hisa hizo wafanyakazi walipewa mwaka ule wa kukosa bonasi, na hadi juzi bei yake ilikuwa kumi na mbili. Asubuhi hii ubao wa dalali ulionyesha ishirini na saba.

Mama Mizani alipenya hadi mbele. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akipima sabuni kabla hazijafungwa, na jina hilo alilipenda kuliko la kwenye kitambulisho.

"Jamani, mwacheni. Thelathini ni posa, siyo ndoa. Ikivunjika tunarudi kumi na mbili. Anayenunua leo anabeba hofu hiyo, ndiyo maana anakata tatu."

Fundi wa boila, ambaye ni shemeji yake, akanywea. Kisha akauza. Wengi waliuza.

"Shemeji, moja shika, si kumi nenda urudi!" alimhimiza Mama Mizani.

Mama Mizani alikuwa na hisa mia sita, na binti yake alikuwa akisubiri ada ya chuo cha uuguzi. Aliogopa, tena sana. Lakini mshale wa mizani huchezacheza kabla ya kutulia, na yeye hakuwahi kuandika uzito mshale ukiwa bado unacheza.

"Mimi nasubiri," alisema.

Siku ya tatu dalali alimpigia simu kazini. "Mama, thelathini na nne!"

"Na posa ni ileile thelathini?"

"Ileile."

Aliketi juu ya katoni, furaha imempanda hadi masikioni. Nani anazidisha mahari iliyotajwa, kama hajasikia kuna mposaji mwingine?

"Kuna mwingine njiani," alisema.

"Ndivyo soko linavyonong'ona. Nikuuzie?"

Nusu tu ilitosha ada. Nyuma ya kioo, wasichana wa kufunga sabuni walikuwa wakicheka. Hao, walioajiriwa baada ya mwaka ule wa hisa, hawakuwa na hata moja, walikuwa na kazi tu.

"Uza nusu. Na huyo mwingine, anataka sabuni, au anataka kiwanja tu abomoe?"

"Hilo bei haisemi, mama."

"Basi nusu iliyobaki itaniingiza kwenye mkutano wa wenye hisa. Nitamuuliza mwenyewe."

Akatia simu mfukoni, akachukua mche wa sabuni uliofuata.