Alichofichwa Pitchou

Sidonie alikuwa anarudi kutoka mtoni na ndoo ya maji kichwani alipotupa macho juu ya nyumba yao akaona bati tupu. Pale ilipokuwa plake ya jua, paneli yao ya umeme, palibaki alama ya mraba, safi kuliko bati lote, na nyaya mbili zinaning'inia kama mikia ya panya. Hakuitua ndoo. Aliiacha ianguke.

"Nani?"

Baba yake, Josué, alikuwa ameketi kivulini anachonga mpini wa jembe. Alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu aliyekanyagwa kidole kanisani.

"Mupwa amepita," akasema.

Kwao maneno hayo mawili yalitosha. Mtoto wa dada akiingia kwa mjomba wake akapenda kuku, anakamata kuku. Akipenda kiti, anabeba kiti. Mjomba hapigi kelele. Anacheka na kumtakia njia njema, maana ukimkasirikia mpwa umemkasirikia dada yako. Na dada yake Josué alikuwa kaburini. Alimwacha Pitchou akiwa bado anatambaa, naye akalelewa humu humu, kwenye mkeka mmoja na Sidonie. Sasa Pitchou alikuwa na kibanda chake Lusangi, kwenye machimbo ya dhahabu. Alikuja na pikipiki, akala mihogo, akapanda juu ya nyumba akiimba, akashuka na plake. Akabeba na betri yake, na kile chombo kinachogeuza umeme.

"Na ninyi mulikuwa munaangalia tu?"

"Nilimushikia ngazi," akasema baba.

Sidonie alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Alikuwa amemaliza masomo ya informatiki Kasongo, na chuo kimoja cha Kisangani kilikuwa kinatafuta wachache wa kuendelea na masomo ya juu zaidi. Konkuru, yaani mtihani wa kuchagua hao wachache, ingefanyiwa Kasongo, kwenye kompyuta, kwa saa zilizopimwa. Zilibaki wiki mbili. Mashini yake ilikuwa ya zamani, betri yake ya ndani imekwisha kufa. Ukiitoa kwenye waya inazima kama mshumaa. Bila plake ilikuwa kibao cha kukatia mboga.

"Baba, neno moja tu! Ungesema, 'Acha, Sidonie iko na konkuru.' Angeteremuka mwenyewe!"

Baba alimtazama mama yake mzazi, Koko Pélagie, aliyekuwa mlangoni mwa jikoni na ungo wa karanga.

"Hilo neno ndilo tuliapa hatutalisema, mukemwenza," akasema Koko kwa upole. Alimwita mjukuu wake hivyo tangu utotoni, kwa utani wa bibi na mjukuu. Siku hiyo utani haukumfurahisha mtu.

Mwaka uliopita neno lilikuwa limesemwa, tena limesemwa mno. Pitchou alifunga majani ya mchikichi mbele ya pikipiki, akampakia Sidonie nyuma, akapiga honi kutoka sokoni mpaka misheni, anatangaza kwamba dada yake anakwenda kuwa mukubwa wa mashini. Watu waliimba. Sidonie akaenda Kasongo, akaanguka konkuru. Aliporudi kwao Kabambare, vicheko vilimpokea kabla ya mbwa wa nyumbani. Ndipo Koko aliposema kwamba safari ikitangazwa inaliwa na macho ya watu. Mara hii asijue mtu wa ukoo hata mmoja.

"Hata Pitchou?" Sidonie aliuliza wakati ule.

"Sana sana Pitchou," Koko alijibu, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Nje ya nyumba alijua mtu mmoja tu: Paluku, mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka lenye intaneti. Bila yeye Sidonie asingeweza kujiandikisha. Paluku alimwekea kiti nyuma ya meza yake, upande usio na jua, na kila mteja alipochungulia alisema, "Huyo yuko kazini, muache." Koko hakuwa na wasiwasi naye. Mgeni, alisema, hana hesabu na ukoo wetu.

Basi Sidonie akabaki na daftari. Aliandika programu kwa kalamu, ukurasa baada ya ukurasa. Lakini daftari halibishani na mtu. Mashini inakuonyesha mstari mwekundu na kukwambia umekosea. Karatasi inakubali kila kitu. Aliandika programu inayojiita yenyewe tena na tena, akasahau kuiwekea mahali pa kusimama, na karatasi ikanyamaza. Alipokuja kuliona kosa, alikuwa amejenga kurasa nzima juu yake. Alizichana zote. Akawafokea kuku. Akamfokea Koko pia, kwamba siri yake ndiyo iliyopanda juu ya nyumba na kushuka na plake. Koko akaweka kando ya daftari kisahani cha karanga zilizokwisha kumenywa, ili vidole vya mjukuu visichafue karatasi. Hilo nalo lilimkasirisha Sidonie. Mtu akiwa na hasira hapendi kutendewa mema.

Alikimbilia kwa Paluku kuomba umeme. Duka lilikuwa na kufuli. Mwenyewe amekwenda Lusangi kununua dhahabu.

"Basi nami ninakwenda Lusangi," akasema Sidonie aliporudi nyumbani.

"Mwambie Pitchou kanisa linaitaka plake," Koko akamshauri. "Kanisa hatalikatalia."

Mzee Hemedi, mwenye pikipiki ya kukodi, alimfungia begi kwa mpira, akafungua, akafunga tena kwa nguvu zaidi bila kuombwa, kwa sababu aliijua barabara. Sidonie hata hakumshukuru. Njia nzima alikuwa anapanga matusi.

Kibanda cha Pitchou kilikuwa turubai moja na meza moja. Juu ya meza simu za wachimbaji zililaliana kama samaki sokoni, kila moja inanyonya waya wake, na muziki unapigwa. Juu ya turubai plake yao inameta. Pitchou alimwona dada yake akishuka, na hakucheka. Hilo lilimshtua Sidonie, maana Pitchou alicheka hata msibani.

"Karibu. Koko hajambo?"

"Hajambo, yaya," alijibu, kwa heshima ya kaka mkubwa. "Ndiye amenituma. Plake inahitajika kanisani. Kwaya iko na vyombo vipya."

"Vyombo gani?"

"Gita."

"Gita ngapi?"

"Mbili. Yaani, moja ndiyo nzuri."

Mchimbaji mmoja aliyekuwa anangojea simu yake akaguna.

"Endelea," akasema Pitchou. "Unasema vizuri. Na konkuru nayo, iko ya kwaya?"

"Nani amekwambia?" Sidonie akauliza.

"Paluku. Siku ya soko alinipa mukono, akasema, 'Hongera, dada yako anajitahidi.' Nikacheka kama mutu anayejua. Mutu wa Butembo anajua! Mimi niliyelala na wewe mukeka mumoja, sijui!"

"Siku ya soko? Umejua tangu siku ya soko na bado umeshika plake yangu?"

"Nimeishika. Nilikuwa nangojea mumutume hata mutoto wa mitaani na neno moja. Mumenituma nini? Gita!"

"Unaniua, Pitchou! Mashini iko inalala kama maiti, siku zinakwisha, na wewe unachaji simu za watu! Kwa sababu ya neno?"

"Na wewe umeniua kwa sababu ya nini?" Alizunguka meza, akasimama mbele yake. "Sema hapa, watu wasikie. Mimi ni mulozi?"

Neno hilo, mchawi, halitupwi ovyo mbele za watu. Mchimbaji mmoja akanyoosha mkono akazima muziki.

"Hakuna mutu aliyesema hivyo."

"Kunyamaza kwenu kumesema! Nilipanda juu ya nyumba mchana kweupe. Mjomba akanishikia ngazi. Koko akasimama pale na ungo wake, ananiangalia kama mutu anayeangalia mwizi mwenye bunduki. Nikajiuliza, wana nini leo? Sasa ninajua."

"Na wewe ulinifanyia nini mwaka jana? Wewe na honi yako! Wewe na majani yako! Nani alikutuma? Watu walinizomea mpaka mtoni!"

"Nilikuwa ninafurahi!" Pitchou alipiga meza, simu zikaruka. "Nilikuwa ninafurahi, Sidonie! Kufurahi nako ni ulozi?"

Matusi aliyoyapanga njiani yote yalikuwa tayari, lakini hakuna hata moja lililojibu swali hilo. Sidonie alisimama pale na hasira zake kama mtu aliyebeba kuni akakuta moto umezimwa. Aliiona tena ile saa ndogo kwenye pembe ya kioo cha mashini, Kasongo, mwaka uliopita. Maswali yalikuwa matatu. Alimaliza moja. La pili alikuwa bado analizunguka, vidole vinatafuta herufi, saa ilipokwisha. Hapakuwa na jicho la mtu pale. Alilijua hilo tangu siku ile ile. Ila Koko aliposema "macho ya watu", yeye alinyamaza, maana ni rahisi kuangushwa kuliko kuanguka.

"Nilianguka kwa sababu sikujua," akasema.

"Hawasikii," akasema Pitchou.

Sidonie alimchukia wakati ule kuliko siku zote. Akapaaza sauti mpaka wa kwenye mashimo wakasikia.

"Nilianguka kwa sababu sikujua! Saa ilinishinda! Hakuna mutu aliyenifunga mikono, si wewe, si jicho lako! Konkuru iko Jumatatu inayokuja, Kasongo, na nikianguka tena nitakuwa nimeanguka mwenyewe! Umeridhika?"

Pitchou alianza kung'oa nyaya.

"Eh, yangu iko nusu!" mchimbaji akapiga kelele.

"Nusu inatosha kumwambia muke wako uko hai. Chukua."

Alifunga kibanda, akaifunga plake kwenye blanketi lake la kulalia, akampa Sidonie betri na kile chombo cha kugeuza umeme avipakate. Walipofika karibu na kijito mvua ikawapiga. Pitchou akasimamisha pikipiki, akavua koti. Sidonie alinyoosha mkono kulipokea. Pitchou alimpita, akalifunika juu ya plake, akapanda tena. Sidonie alilowa mpaka mifupa, akanuna. Walikuwa wamekwenda mbali kabla hajaona kwamba na mgongo ulioko mbele yake ulikuwa unatetemeka.

Nyumbani Koko alitoka na kikombe cha maji. Pitchou hakukipokea.

"Koko, kwanza unijibu. Mimi ni mulozi?"

Mikono ya Koko ilishuka. Alimtazama huyu mtoto aliyembeba mgongoni, maji yanamchuruzika kwenye nyusi. Hakulia, wala hakuanza kueleza. Aliweka kikombe chini, akatembea polepole mpaka ukingoni mwa barabara, mahali ambapo sauti inafika kwa majirani wote, akaita kwa nguvu ambazo Sidonie hakujua kama bado anazo.

"Mama Deborah! Mama Deborah, ee! Sidonie anakwenda konkuru Kasongo Jumatatu! Pitchou wangu ndiye anamupeleka!"

Sauti ya Mama Deborah ikatoka nyuma ya ua wake, imejaa kicheko.

"Tena?"

"Tena!" Koko akajibu. "Na kama hapana, tena!"

Alirudi, akaokota kikombe, akamnyooshea Pitchou kwa mara ya pili. Pitchou alikipokea. Akanywa.

"Nitamupeleka," akasema. "Lakini kasirani yangu haijakwisha, Koko."

"Ikae, baba. Siifukuzi. Kula tu, isikae na njaa."

Mvua ilipokatika alipanda juu ya nyumba, Josué akimshikia ngazi, akakaza plake kwa nyundo, kwa nguvu kuliko misumari ilivyotaka. Bati lote likalia. Kesho yake jua lilipokwisha kujaza betri, mashini ikawaka, na Sidonie akaketi chini ya upenu. Pitchou alivuta kiti, akaketi mbele yake na simu mkononi ya kupima saa, uso umefungwa.

"Maswali mangapi?"

"Matatu."

"Anza."

Akaanza. Kuku walipita miguuni, mstari mwekundu ukatokea, akaufuta, ukatokea mwingine. La kwanza likaisha. La pili likaisha. La tatu akaliingia kwa kishindo.

"Saa imekwisha," akasema Pitchou.

"Bado mustari mumoja!"

"Kasongo watakungojea na huo mustari wako?"

Nusura amrushie mashini. Koko alikuja, akaweka kisahani cha karanga zilizomenywa katikati yao, mbali kidogo na kila mmoja, ili wote wawili wanyooshe mkono. Kwanza hakunyoosha mtu. Kisha Pitchou akachukua mbili, moja akaitupa karibu na kibodi bila kumtazama dada yake.

"Tena," akasema.

Sidonie akaila ile karanga kwa hasira, akafuta yote, akaanza upya.