Picha Gani Mnafuta?

Mimi nikianza kumshuku mtu, hata akinipa maji ya kunywa nayanusa kwanza. Ndivyo nilivyo, na pale mwaloni Kibirizi, samaki wanakoshushwa, wananijua: Marcelina wa migebuka, hapunjwi. Kwa hiyo siku ile kijana wa eksirei aliponiambia picha ya baba yangu haionekani, nilimtazama usoni, naye akatazama sakafu. Nikajua hapa pana jambo.

Hospitali yenyewe siitaji, wasije wakanishitaki. Iko huku huku Rusimbi. Nilimtoa baba Kagunga kwa boti kwa sababu kikohozi kilikuwa hakimwachi alale. Wakampiga picha ya kifua, wakaitoa kwenye filamu, daktari akaona doa kwenye pafu la kulia.

"Mama," akaniambia, "mzee alipigwa picha hapa hapa mwaka jana. Nahitaji kuiona. Kama doa lilikuwepo na halijabadilika, huenda ni kovu tu, mtarudi nyumbani. Kama limekua, anakwenda Mwanza, tena haraka."

Na hiyo ya mwaka jana ndiyo haionekani!

"Haionekani vipi?" nikamuuliza yule kijana, Herman. "Mmempa nani?"

"Mama, mfumo una shida. Diski imejaa."

"Imejaa nini?"

"Imejaa tu."

Imejaa tu! Nimeuza samaki tangu sijaolewa, sijawahi kuona tenga limejaa tu. Nikasema moyoni, hawa mwaka jana hawakuliona doa kwa uzembe wao, au waliliona wakakaa kimya, sasa wanapoteza ushahidi. Baba alikuwa kwenye benchi, kofia mapajani. Akanivuta mkono.

"Mwana wanje, waache. Picha mpya si ipo? Twende tu nyumbani."

Baba yangu ni mpole kupita kiasi. Nikamwambia upole wake ndio unaowapa watu kichwa, asubiri pale pale. Kisha nikamfuata Herman nyuma nyuma hadi kwenye chumba kidogo chenye baridi, ambako dada mmoja alikuwa ameinamia kompyuta, simu yake mezani ikiongea kwa sauti. Huyo ndiye Frida, fundi wao wa kompyuta, aliyehamia kutoka Dodoma. Kwenye simu alikuwa Davis, bosi wake wa ufundi, yuko Dar.

"Shikamoo, mama. Huku wagonjwa hawaruhusiwi."

"Marahaba. Mimi si mgonjwa. Picha ya baba yangu iko wapi?"

Akashusha pumzi. Alikuwa na adabu, sina neno. Akanionyesha sanduku jeusi kabatini. Akasema seva ni ile moja, lakini ndani yake wametengeneza kompyuta nyingine za kuigiza: ya mapokezi, ya dawa, na ya eksirei. Kila moja ina diski yake, ila diski hiyo nayo ni ya kuigiza, ni faili tu ndani ya ile kubwa. Ya eksirei imevimba hadi nafasi ikaisha, na tangu asubuhi imegoma kuwaka.

"Kwa hiyo diski iliyojaa haishikiki?"

"Haishikiki, mama."

"Dada yangu, mgebuka asiyeshikika mimi simuuzii mtu. Nawe usiniuzie."

Simu ikasema, "Frida, tatizo nimeliona. Kuna picha mmeiacha tangu mwezi wa pili, ndiyo inayokula nafasi. Tafuta nafasi kidogo, halafu ifute hiyo picha. Mashine itawaka."

Haki ya Mungu, masikio yangu yalisimama. Nikamdaka Frida mkono uliokuwa kwenye kipanya.

"Hufuti! Thubutu uone!"

"Mama, si picha ya mzee..."

"Picha gani sasa? Mnafuta picha gani?"

Ikabidi anieleze huku nimemshikilia. Kumbe mafundi hawa, kabla ya kubadilisha kitu kwenye mashine, huihifadhi yote kama ilivyo siku hiyo, ili mambo yakiharibika waweze kurudi nyuma. Nao hilo wanaliita kupiga picha. Ukiisahau picha hiyo, kila kinachobadilika baadaye kinarundikwa pembeni, siku baada ya siku, mpaka nafasi inakwisha.

"Eksirei picha, hilo nalo picha! Mmekosa maneno?"

Hapo ndipo nikamwona Herman. Alikuwa amesimama mlangoni, na kwa baridi ile ya chumba alikuwa anatoka jasho.

"Frida," akasema, "wiki iliyopita Davis alipotuma ujumbe kwamba tufute picha za zamani... alimaanisha hizo?"

"Ndizo hizo. Kwani wewe ulifuta zipi?"

"Za wagonjwa. Za mwaka jana."

"Mungu wangu, Herman!"

"Nilifuta, nafasi haikuongezeka. Nikazidi kufuta."

"Na kufuta kwenyewe kumerundikwa pembeni," Davis akasema simuni. "Ndiyo maana imejaa kabisa."

Nilitaka kumzaba kofi. "Kwa nini ulinyamaza?"

"Niliogopea kazi, mama." Macho yalikuwa yamemlowa. Hilo nililiamini.

"Frida," Davis akauliza, "ile ya mwezi wa pili umeshaifuta?"

"Bado. Huyu mama amenishika mkono."

"Basi mwambie asikuachie! Ile picha ina mashine nzima kama ilivyokuwa mwezi wa pili, na za wagonjwa wote zimo. Ungeifuta, zingekwenda moja kwa moja."

Frida akachomeka diski ya pembeni, hii ya kushikika, akaanza kuinakili ile ya mwezi wa pili. Mimi nikavuta kiti. Sikutoka hata kwenda haja. Nilikuwa simwamini yeyote mle ndani, wala yule wa simuni. Ilipomalizika akaiwasha nakala hiyo kama mashine nyingine, nikaita daktari, nikamwita na baba. Baba alikuja polepole sana.

Picha ikafunguka, jina lake juu: Nehemia. Daktari akasogea, akaanza kupitisha kidole kwenye mbavu, moja moja. Hakuona kitu kwa haraka. Nikaanza kupumua.

Baba akamsogeza kidogo, akaweka kidole chake kwenye kioo.

"Hapa, daktari. Nyuma ya mfupa huu. Lilikuwa dogo."

Daktari akamgeukia. "Mzee, nani alikuonyesha?"

"Mwenzako yule aliyehama. Aliniambia niende Mwanza. Nikamwambia nitakwenda."

Nikamvuta bega. "Baba, mimi uliniambia ni kifua cha baridi ya ziwa!"

"Ndivyo nilivyokuambia."

"Kwa nini?"

"Tulikuwa ndiyo kwanza tumemzika mama yako. Ulikuwa huli. Nikasema upumzike kwanza." Akaichezea kofia yake. "Halafu ukaanza kucheka tena, nikashindwa."

Methali ya mficha maradhi ilinijia mdomoni, nikaimeza. Daktari akaziweka picha mbili kando kwa kando, akapima, akasema limekua, akaandika rufaa. Nililia mbele ya Frida na Herman bila aibu. Kisha nikamfunga baba vifungo vya shati, nikamwambia Mwanza tunakwenda wote, na kitakachosemwa huko nitakisikia kwa masikio yangu. Nikamuuliza kama kuna kingine anachonificha.

"Hakuna, mwanangu," akasema.

Nampenda baba yangu kuliko mtu yeyote aliyebaki duniani. Sikumwamini.