Taa ya Warumi na Jina Langu

Usiku wa jana niliota, na kabla hamjasema ni maharage, nililala na chai kavu tu.

Niko kazini, kwenye ghala la makumbusho yetu, ninapotunza vitu vya kale mwaka wa ishirini na mbili sasa. Natafuta taa ya udongo ya Warumi, ndogo, inaenea kiganjani. Imepotea wiki mbili. Mwizi namjua: Mama Chausiku, mfagizi. Nani mwingine ana ufunguo? Barua ya kumshtaki iko mfukoni mwangu. Asubuhi mkuu wetu anaipata, na mama wa watu hana kazi.

"Jina?" inauliza rafu.

Nataka kujibu. Mdomo unafunguka, hakitoki kitu.

"Msomee kanuni," kinasema kinyago cha Kimakonde. Hicho nakishuku siku nyingi, kinapenda kusikiliza mambo ya watu.

Rafu inasoma tangazo la ukutani, nililoliandika mwenyewe: Anayetoa kitu rafuni aache jina lake mahali pake. "Ulitoa taa, hukuacha kikaratasi chenye jina. Basi tumechukua jina lenyewe."

"Mimi? Thubutu!"

Nachungulia. Kweli, jina langu limekaa pale ilipokuwa taa, lina vumbi kidogo. Linanitazama, halafu linageukia upande wa pili.

Nageuka nitoke, lakini mlango umenipeleka kantini. Nyuma ya meza ya chai amesimama yule mungu wa Misri ya kale mwenye kichwa cha mbweha, anayepima mioyo ya wafu. Amevaa aproni ya kantini yetu. Mbele yake kuna mizani, na kitanga kimoja kina unyoya wa mbuni.

"Moyo au barua?" ananiuliza.

"Kwanza, mizani hii imekaguliwa na watu wa vipimo?"

"Miaka elfu tatu, hakuna maiti aliyelalamika."

"Wangelalamikaje?" Huyu naye simwamini hata kidogo.

Ananitoa barua mfukoni na kuiweka kwenye kitanga. Karatasi moja, mistari sita. Kitanga kinashuka kwa kishindo, unyoya unaruka mpaka ndani ya sufuria ya chai.

"Nzito," anasema. "Humu ndani kuna mtu."

Mama Chausiku anaingia na fagio lake. Ananitazama, anataka kusema, anasita. Miaka kumi na tisa huyu mama hajanipita bila kuniamkia.

"Nataka kukusalimia, ila sina cha kukuita," anasema. "Salamu zote zinaanguka sakafuni. Na hizo nazo nitazifagia mimi."

Anazifagia kweli. Niliona aibu, siwafichi, aibu ya kutaka kuingia chini ya meza. Hata hivyo nilimwangalia mfuko wa gauni, nione kama umetuna.

"Kisicho na jina ni kifaa," anasema mwenye kichwa cha mbweha. Ananivua kiatu, anapaka kisigino changu rangi nyeupe kidogo, anaandika namba juu yake kwa wino mweusi, vilevile ninavyofanya mimi kwa vyungu. Kisha anasoma lebo yangu: "Mwanamume. Asili haijulikani. Matumizi hayajulikani."

Hapo nikawaka. Hayo maneno ni yangu! Huyaandika Ijumaa jioni, nikitaka kuwahi nyumbani.

"Utakaa na taa," anasema.

"Wapi?"

"Ulipoiweka."

"Sijaiweka popote, bwana!"

"Wanasemaga hivyo," kinasema kinyago, ambacho sijui kilifikaje kantini.

Nikaamka. Mke wangu, Mwanahawa, alikuwa anakunja chandarua.

"Hizza," akaniita, nami nikafurahi mpaka akashangaa. "Nani kakuandika kisiginoni?"

Nikatazama. Rangi nyeupe, upana wa kucha, na wino mweusi: 7/4. Mwandiko wangu kabisa, na ile saba ninayoikata tumboni. Nilisugua kwa sabuni na dodoki, haikutoka. Haitoki kwa maji, ndiyo maana tunaitumia.

Kabati la saba, droo ya nne. Ndipo nilipokumbuka. Niliitoa taa niipige picha, simu ikalia, dada yangu wa Korogwe, nikaisukuma kwenye droo ya karibu. Kikaratasi sikuandika.

Barua niliichana, vipande nikavitia kwenye moto wa chai.

Saa moja na nusu nilikuwa kazini. Mama Chausiku alikuwa anadeki mlangoni.

"Shikamoo, Mzee Hizza."



"Marahaba, mama," nikasema. "Marahaba sana."

Nikaenda mpaka kabati la saba. Kabla sijavuta droo, nilichukua kikaratasi nikaandika jina langu.