Ndege Aliyeuawa kwa Mdomo

Katika mji wote wa Baraka, toka sokoni mpaka mwaloni mitumbwi inakotua, hakuna mtu anayejua ndege kunishinda mimi Marthe. Nasema bila haya. Ukweli ni kwamba majina yao mengi niliyatunga mwenyewe, na siku hizi jicho langu la kushoto halitofautishi njiwa na ndala iliyotupwa juu ya paa. Lakini mwaka wa 1955 nilikuwa na macho mawili mazima na adui mmoja, na mtu mwenye adui hujifunza kuangalia.

Adui alikuwa mama-mkwe wangu, Constance. Mimi ni mtu wa kijiji cha Swima. Niliolewa na mwanawe Anatole, mvuvi, mwanaume wa maneno machache na miguu mikubwa, tukajengewa nyumba yetu ndani ya uwanja wa mama yake. Miaka miwili ikapita sijapata mimba. Mwaka wa kwanza Constance alinisalimia kwa kidevu. Mwaka wa pili akaona hata kidevu ni hasara. Anatole akienda kambi ya wavuvi upande wa Ubwari, wiki mbili nzima sikusikia neno kwa mtu, isipokuwa neno baya. Ndipo nikaanza kukaa na ndege.

Mvua kubwa za Machi zilipofika, wale wadogo wa manjano walijaa juu ya mchikichi ulio kando ya jiko, wakisuka viota vyao kwa kelele kama watu wanaogawana samaki. Dume ndiye anayejenga. Jike anakuja, anaingia, anatazama, asipopendezwa dume anaanza tena upya. Niliwaonea wivu majike hao. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mama-mkwe.

"Unaangalia nini kule juu?" Constance aliniuliza siku moja, akitwanga sombe, majani ya muhogo, kana kwamba kichwa changu ndicho kiko ndani ya kinu. "Mutoto hashukake toka ku muti."

"Naangalia ndege, Mama."

"Ndege iko na mayai. We uko na nini?"

Mwezi wa Juni upepo wa kusini ulianza, ziwa likachafuka, mwewe wakaja juu ya ndagala, samaki wetu wadogo tuliowaanika. Mwewe nilimwita Polisi, maana anachukua bila kuuliza na hakuna mahali pa kumshitaki. Kunguru mwenye kifua cheupe nilimwita Karani, kwa sababu ya shati lake safi, na kwa sababu sikumwona hata siku moja akifanya kazi.

Lakini mmoja hakuhitaji jina kutoka kwangu, kila mtu alimjua: mutikisa-mukia. Yule mweusi na mweupe anayetembea uwanjani kama mwenye nyumba, mkia juu, mkia chini. Kwetu hakuna mtoto anayemrushia jiwe. Nyumba anayojenga kiota ina baraka, na mtoto atazaliwa humo. Mwenye kumuua, basi, afungashe vitu vyake, maana uwanja wote unakauka pamoja naye. Mkristo atakuambia hayo ni mambo ya zamani. Mwambie basi huyo Mkristo achukue jiwe, uone.

Wetu alikuwa kilema. Uzi wa nyavu ulikuwa umemkaza mguu wa kushoto, na Baba mukubwa Henri, kaka mkubwa wa marehemu baba-mkwe, ndiye aliyemkamata na kuukata uzi kwa wembe. Vidole viwili vilikuwa vimekwisha kufa, vikaanguka. Toka siku ile ndege alitembea akichechemea, na Baba mukubwa alipenda kusema, "Yule ni mugonjwa wangu." Ndege huyo alijenga na jike wake chini ya nyasi za paa letu, juu kabisa ya mlango. Mimi nilitoka na kuingia chini yake kila siku kama mtu anayepita chini ya msalaba.

Sasa sikiliza alichofanya Constance.

Agosti, Anatole akiwa kambini, alikuja na wanaume watatu na ngazi. "Nyasi ya ile nyumba inaoza. Leo tunashusha, tunatia mupya."

"Mama, ndege iko na kiota pale."

"Ni ndege ndiye alikuoa?"

Wakavuta nyasi zote. Kwa bahati kiota kilikuwa kitupu, hakikuwa na yai. Ndege wawili wakazunguka juu ya vumbi, wakalia, kisha sikuwaona tena. Wiki haikuisha, habari zikaanza kutembea toka mwaloni mpaka kisimani: Marthe amempiga mutikisa-mukia kwa fagio. Marthe amemuua, amemtupa motoni. Constance mwenyewe alikuta manyoya mawili kwenye majivu yangu, jeupe na jeusi, akayafunga katika kitambaa kama vyeti vya ubatizo. Na ndiyo sababu Marthe hazai, mnaona? Kwa hiyo arudi Swima. Kule Kazimia kuna msichana, Florentine, binti wa rafiki yake, ana viuno vya kutosha watoto kumi.

Anatole alirudi, nikamuuliza, "Unamuamini?"

"Mama haongopake."

"Na mimi?"

Akakuna mguu wake mkubwa. "We pia hauongopake."

"Basi aliyeongopa ni ndege."

Hakucheka. Alisema tungoje Baba mukubwa Henri arudi kutoka Kazimia, alikokwenda kutengeneza mtumbwi wake. Yeye ndiye atakata neno. Akisema nirudi, nitarudi. Na kurudi wapi? Baba yangu alikuwa amekufa, na mahali pangu pa kulala Swima mke wa kaka yangu alikuwa ameweka mbuzi. Juu ya hayo, siri yangu, nilimpenda yule mwanaume na miguu yake.

Septemba nzima majirani walinipita kisimani kama wanapita shimo. Constance aliniambia mbele yao, "Chota mbio, usiangalie maji, yatakauka." Mimi nilichota polepole. Maji nayo nikayatazama.

Mvua za kwanza zikanyesha mwezi wa kumi. Mbayuwayu wakarudi juu ya ziwa. Asubuhi moja baada ya mvua, kumbikumbi wakatoka katika kichuguu kilicho karibu na mlango wangu, ardhi yote ikawa mabawa. Kila ndege wa Baraka alikuja kula kwangu siku ile, hata Karani. Nikakaa kwenye kizingiti kuwahesabu. Na katikati yao nikamwona mmoja anachechemea.

 Mguu wa kushoto, vidole viwili hakuna. Mkia juu, mkia chini. Marehemu!

Nikamwangalia vizuri. Alikamata kumbikumbi mmoja, hakumeza. Akakamata wa pili, wa tatu, mdomo ukajaa mabawa kama masharubu ya mzungu. Ndege mwenye njaa anameza. Ndege anayebeba ana watoto. Akaruka juu ya jiko, akashuka nyuma ya kibanda cha muhogo cha Constance.

Kibanda kile kilikuwa na kufuli toka Agosti. Constance alisema ameweka dawa ya panya ndani, asiingie mtu. Ufunguo aliuvaa kiunoni kwa kamba nyekundu, hata kanisani. Nikaenda nyuma ya kibanda polepole. Nikamkuta Constance ameketi pale juu ya mkeka, peke yake, mahali pasipo na kivuli.

"Unatafuta nini?"

"Kuku wangu, Mama."

"Kuku yako iko nyuma yako. Hata kuku inakuona mupumbavu."

Ni kweli, kuku alikuwa nyuma yangu. Lakini nilikuwa nimekwisha kusikia: ndani ya kibanda, juu kwenye miti ya paa, pale nyasi zilipoacha tundu, sauti ndogo ndogo, tsi-tsi-tsi.

Ndipo nikaelewa, nikaingia kwangu nikauma kanga nisicheke. Walipofukuzwa kwangu, ndege walikwenda kwa Constance. Naye, aliyemuua kwa mdomo mbele ya Baraka yote, alikosa ushujaa wa kumgusa kwa mkono! Alimuogopa ndege kuliko nilivyomuogopa mimi. Akamfungia mlango asionekane, akakaa juani kumlinda, na makombo ya bugali akamtupia huko nyuma asije mbele. Mchawi gani huyu anayemlisha shahidi?

Ningeweza kupiga kelele siku ile ile. Lakini nilimjua Constance. Angesema, "Huyu ni mwingine, amekuja kwangu kwa sababu mimi ni mtu mwema." Na nani angeniamini, mimi nikiwa peke yangu na kuku? Nilihitaji mtu aliyeujua ule mguu. Nilihitaji daktari wake.

Hapo taabu ikaanza. Watoto wa mutikisa-mukia hawakai kiotani. Siku kumi na nne, kumi na tano, wameruka. Toka siku niliyowasikia nikaanza kuhesabu kwa vijiti ndani ya chungu. Siku ya tano, Baba mukubwa hajafika. Siku ya nane, wakasema mtumbwi bado unapakwa lami. Siku ya kumi sauti za kibandani zilikuwa kubwa hata Constance akaanza kuimba nyimbo za kanisa pale nyuma, yeye ambaye hakuwahi kufika ubeti wa pili.

"Mama ameokoka?" Anatole akaniuliza.

"Muache. Roho imemushukia."

Siku ya kumi na moja, jioni, Baba mukubwa Henri akatua. Constance akataka kikao kifanyike kesho yake mchana, watu wakisha kula. Mimi nikapiga magoti mbele ya mzee, nikasema kwa sauti ya kufa, "Baba mukubwa, kama ni kunifukuza, munifukuze asubuhi, nipate kutembea kabla ya jua kali." Akanihurumia. Saa sita ndege wanalala kivulini, asubuhi wanalisha. Hilo sikumwambia.

Mvua ilinyesha ule usiku. Asubuhi kumbikumbi walikuwa wametapakaa. Sikufagia. Benchi ya mzee ilikuwa chini ya mwembe ikiangalia barabara, niliigeuza kidogo.

Wakakaa: Baba mukubwa katikati, Anatole kando yake akitazama miguu, majirani sita waliokuja kuazima chumvi wakasahau kuondoka. Constance akasimama.

"Kwanza muone huu uchafu. Siku ya kikao, hata kufagia hafagii! Ni muke huyu?"

"Tutafika kwa fagio," akasema mzee. "Sema ya ndege."

Akakunjua kitambaa, akaonyesha yale manyoya. "Nilimuona na macho yangu. Alimupiga na fagio, pa! Ndege ikaanguka. Akaitupa ku moto. Toka ile siku ya Agosti, mutikisa-mukia haijatia mguu ku huu uwanja. Mungu ananiona."

"Marthe?"

"Mimi sina neno, Baba mukubwa. Mama aseme yote amalize."

"Unaona? Hana neno!" Constance akapiga mikono. "Mwizi akikamatwa anakuwa mupole. Arudi Swima akaue ndege za kwabo. Na niape tena: kama ile ndege iko muzima, mimi—"

Hakumaliza. Ndege alikuwa ameshuka toka juu ya jiko. Alitembea katikati ya kikao, akichechemea, mkia juu, mkia chini, akiokota kumbikumbi mmoja kushoto, mmoja kulia, kama katekista anayekusanya sadaka. Akafika mbele ya mguu wa Baba mukubwa. Akasimama. Mzee akainama taratibu.

"Mugonjwa wangu," akasema.

 Majirani walisahau chumvi.

"Huyo ni mwingine," Constance akasema.

"Vidole viwili vya kushoto. Ile uzi nilikata na wembe yangu. Kuna mwingine wa namna hii?"

"Nyavu ziko nyingi, muzee. Ndege pia."

Ndege akaruka, mdomo umejaa, akapita juu ya kichwa cha Constance, akashuka nyuma ya kibanda. Na kibanda kikalipuka: tsi-tsi-tsi-tsi, midomo minne kwa pamoja, mbele ya watu wote. Constance akaanza wimbo wa kanisa.

"Nyamaza," akasema mzee. "Ni nini ile inalia?"

"Panya."

"Panya yenye dawa inaimba hivi? Leta ufunguo."

"Ulipotea, muzee. Toka juzi. Nimetafuta mpaka nimechoka."

Akainua mikono miwili kuonyesha jinsi alivyotafuta, kanga ikashuka kidogo kiunoni, na ufunguo ukatokea juu ya kamba yake nyekundu, ukaning'inia pale mchana kweupe. Jirani mmoja akaanza kucheka, akajaribu kukohoa, akashindwa. Constance akajifunika haraka, akakaa chini. Anatole, kwa mara ya kwanza toka anioe, alisimama kabla ya kuambiwa, akaja kukaa kando yangu.

Baba mukubwa hakuomba ufunguo tena. "Mulango ubaki umefungwa mpaka batoto baruke," akasema. "Marthe habebi kitu kwenda Swima. Constance, kuanzia leo utamulisha ndege mbele ya nyumba, si nyuma, tukuone. Na zile manyoya, urudishie kuku yako."

Watu wakaanza kuinuka. Mzee akabaki ameketi, anaangalia kumbikumbi, anaangalia kibanda, anaangalia benchi chini yake. Akaniita kwa kidole.

"We, binti. Ulijua toka lini?"

"Mimi, Baba mukubwa? Leo. Sawa na ninyi."

"Hm. Na hii benchi, toka mwaka jana inaangalia barabara. Nani aliigeuza iangalie kibanda?"

"Ni mimi. Jua lingekupiga machoni, nikakuonea huruma."

Baba mukubwa Henri akainua kichwa, akatazama juu. Mawingu yalikuwa yamefunga toka Ubwari mpaka milimani.